Anayeweza Kusema Hapana: Wenye Farasi na Wakufunzi katika Uongozi wa Mbio

RAYA: Assalaamu alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja, Pemba na kwengineko. Leo tunazungumzia nani anayewasemea wenye farasi na wakufunzi pale kanuni za mbio zinapotungwa na fedha zake zinapogawiwa. Maalim Haji, karibu.

HAJI: Wa alaykumu salaam, Bi Raya. Kwanza niweke wazi kwamba mbio za Uingereza na Marekani hutegemea sana fedha za kubashiri, na kamari kwetu ni haramu. Sizungumzi ili kuihalalisha. Kushindanisha farasi ni jambo jengine, na wanazuoni wetu huitegemea hadithi aliyoipokea Abu Daud inayoruhusu zawadi katika mashindano ya ngamia, farasi na mishale. Visiwa hivi navyo si vigeni kwa farasi bora. Merikebu ya Sultana ilipofika New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi ambazo Sayyid Said alimpelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.

RAYA: Tuanzie Uingereza, ambako utawala wa mbio una umri mrefu.

HAJI: Huko mamlaka yalikuwa mikononi mwa Jockey Club, chama cha waungwana ambacho kuasisiwa kwake kwa kawaida huwekwa mwaka 1750. Kwa zaidi ya karne mbili chama hicho kilitunga kanuni, kikasikiliza kesi na kikatoa adhabu, na wanachama wapya walichaguliwa na waliokuwamo. Wengi wao walikuwa na farasi wao, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba wenye farasi ndio waliotawala. Lakini walikuwa wakubwa wa nchi, na mwenye farasi mmoja aliyemlisha kwa mshahara wake hakuwa na pa kuingilia. Wenye farasi walipata chama chao mwaka 1945. Mwaka 1993 uongozi wa jumla ulihamia kwenye bodi mpya, na mwaka 2007 mamlaka moja, British Horseracing Authority, ikakabidhiwa uongozi pamoja na usimamizi wa kanuni.

RAYA: Na katika mamlaka hiyo mpya walipewa nafasi gani?

HAJI: Hapo ndipo penye somo. Mwaka 2015 yalifikiwa makubaliano ya pande tatu, yaani mamlaka yenyewe, viwanja vya mbio, na upande wa farasi unaojumuisha wenye farasi, wakufunzi, wafugaji, wapanda farasi na wafanyakazi wa mazizi. Mambo makubwa yalihitaji ridhaa ya pande zote. Huo ulikuwa uwezo wa kweli, kwa sababu upande mmoja ukikataa, jambo lilisimama. Lakini mambo mengi mno yalisimama, na mwishoni mwa 2022 pande hizo zilikubali bodi huru ya mamlaka iwe na neno la mwisho. Ninaielewa sababu yake, na bado naona wenye farasi walitoa kitu kizito.

RAYA: Mimi nitatofautiana nawe kidogo. Chombo ambacho kila mmoja anaweza kukizuia hakimwakilishi yeyote vizuri, kwa sababu anayefaidika na hali ilivyo ndiye hushinda bila hata kusema neno. Fikiria pia jina hilo la upande wa farasi. Kwa wavuvi wetu, mwenye ngalawa ana fungu la chombo, na nahodha na mabaharia wana lao. Ukiwaita wote wavuvi na ukamchagua mmoja awasemee, siku ya kugawa ndipo utakapojua alikuwa akimsemea nani. Mkufunzi analipwa na mwenye farasi. Ada ya malezi ikipanda, mmoja anapata na mwengine anatoa.

HAJI: Ni kweli, na ndiyo maana Waingereza wana chama cha wenye farasi na chama cha wakufunzi mbalimbali, kisha vikakutana juu. Wamarekani wana chama kilichoanza mwaka 1940, Horsemen's Benevolent and Protective Association, ambacho huwaweka wote wawili chini ya paa moja. Kinachowaunganisha ni zawadi za ushindi. Mwanzoni mwa 2019, kampuni inayomiliki viwanja kadhaa vya Uingereza ilipopunguza fedha za zawadi katika mbio za madaraja ya chini, wakufunzi walikataa kuandikisha farasi katika baadhi ya mbio za Lingfield, kimojawapo cha viwanja hivyo. Haukupita muda mrefu kabla ya mazungumzo kuanza upya. Hawakuhitaji kiti chochote kwa hilo, kwa sababu bila farasi hakuna mbio.

RAYA: Kwa hiyo unasema uwakilishi haupimwi kwa idadi ya viti?

HAJI: Haupimwi hivyo hata kidogo. Tazama Marekani. Sheria ya mwaka 1978 kuhusu mbio na kubashiri baina ya majimbo iliweka sharti kwamba dau lisipokewe katika jimbo moja kwa mbio za jimbo jengine bila ridhaa, na uwanja unaoendesha mbio lazima uwe na makubaliano ya maandishi na kundi la wenye farasi. Sheria haikuwapa kiti hata kimoja, lakini iliwaweka kwenye mlango wa fedha. Kisha linganisha na sheria ya mwisho wa 2020 iliyounda mamlaka ya taifa ya uadilifu na usalama wa mbio, HISA. Bodi yake ina wajumbe 9, ambapo 5 wanatoka nje ya tasnia na 4 wanatoka ndani. Ukisoma juu juu utadhani wakufunzi wamewakilishwa. Ukiendelea hadi kifungu cha mgongano wa maslahi, utakuta kwamba mwenye maslahi ya kifedha katika farasi wanaosimamiwa na sheria hiyo, au anayewapatia huduma, hawezi kuwa mjumbe. Yaani anayefundisha farasi leo hawezi kukaa kwenye kiti cha wakufunzi.

RAYA: Lakini Maalim, sheria hiyo ilitungwa baada ya kashfa za dawa na baada ya vifo vingi vya farasi pale Santa Anita, uwanja wa mbio wa California, mwaka 2019. Mnyama hana wa kumsemea mle ndani. Mimi nisingependa anayepimwa ndiye aamue kipimo.

HAJI: Katika kuhukumu, niko nawe kabisa: wakufunzi wasiwemo kwenye jopo la nidhamu, wala wasichague maabara. Kutunga kanuni ni jambo tofauti. Farasi akikutwa na dawa iliyokatazwa, wa kwanza kuwajibika ni mkufunzi, hata kama hakumpa kwa mkono wake. Mtu anayebebeshwa dhamana ya namna hiyo ana haki ya kusikilizwa kuhusu dawa ya tiba isimamishwe siku ngapi kabla ya mbio, maana ndiye anayekaa na mnyama alfajiri hadi usiku. HISA iliunda kundi la ushauri la wenye farasi na wakufunzi, nami nalithamini, lakini ushauri unaweza kupokewa kwa adabu na kuwekwa kando. Kile chama cha Marekani cha wenye farasi na wakufunzi kilikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo, na Novemba 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho, ile ya mzunguko wa tano, ilikubali kwamba HISA, ambayo ni chombo cha binafsi, ilipewa mamlaka makubwa bila usimamizi wa kutosha wa serikali. Mwezi uliofuata Bunge la nchi hiyo liliirekebisha sheria ili tume ya serikali iweze kuzibadilisha kanuni hizo.

RAYA: Limebaki suala la ndani ya vyama vyenyewe. Godolphin, zizi la mtawala wa Dubai, wana mamia ya farasi, na wapo watu ishirini wanaochangia farasi mmoja. Kura ihesabiwe kwa kichwa au kwa farasi?

HAJI: Kwa kichwa, katika kuchagua viongozi. Anayechangia mguu mmoja wa farasi naye anaumia ada inapopanda. Katika mapatano ya fedha za zawadi, ningekubali idadi ya farasi izingatiwe kwa kiasi chenye kikomo, kwa sababu wakubwa wakihamisha farasi wao kwenda nchi nyengine, mbio zitakosa washindani na mdogo atabaki na farasi asiye na pa kukimbia.

RAYA: Kikomo hicho kiandikwe kwenye katiba ya chama, kisiachwe kwa hiari ya kamati.

HAJI: Kiandikwe, na kisibadilishwe bila kura ya wanachama wote.