Maduka ya vitabu London kwa siku mbili: usianze na makubwa

Hamjambo huko nyumbani, karibuni tena. Leo tunaingia kwenye maduka ya vitabu ya London, na nazungumza na mtu aliyebanwa na muda: umetua Ijumaa usiku, Jumapili usiku unaondoka. Wengi mnaokuja huku kwa semina au kikao mna siku mbili tu za kwenu, na siku hizo mara nyingi ni wikiendi. Basi tuanze na kinachowavurugia watu ratiba kuliko ukubwa wa mji wenyewe, yaani Jumapili.

Hapa England kuna sheria ya mwaka 1994 ya biashara za Jumapili. Duka lenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280 linaruhusiwa kuuza kwa muda wa saa sita tu mfululizo, na muda huo lazima uwe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Maduka makubwa ya vitabu yamo humo. Ndiyo maana mengi yanaanza kuuza karibu na saa sita mchana. Mengine hufungua mlango nusu saa kabla ili watu wazunguke kwenye rafu, lakini kaunta haipokei hela mpaka muda utimie. Na Jumapili ya Pasaka hayafunguliwi kabisa. Maduka madogo hayabanwi na sheria hiyo, ila baadhi ya yale ya vitabu vilivyotumika hupumzika Jumapili kwa hiari yao.

Kwa hiyo Jumamosi ni ya mitumba, Jumapili ni ya vitabu vipya. Ukigeuza, ukaitumia Jumamosi nzima kwenye ghorofa zinazong'aa, Jumapili unaweza kubaki kuchungulia vioo.

Jumamosi asubuhi anzia Bloomsbury. Treni ya chini ya ardhi ikushushe kituo cha Russell Square, halafu subiri lifti hata kama foleni ni ndefu. Ngazi za kuzunguka pale zina vidato 175, na hujabeba hata kitabu kimoja bado. Ukitoka, Brunswick Centre iko jirani. Ndani yake, chini ya ardhi, kuna Skoob. Soma jina hilo kinyumenyume, kama unakijua Kiingereza utacheka. Nguvu yake ni vitabu vya kitaaluma: falsafa, historia, hisabati, isimu, siasa. Mwanafunzi wa uzamili aanzie hapa.

Dakika chache kwa miguu, mtaa wa Marchmont, kuna Judd Books. Wao huchanganya vitabu vilivyotumika na masalio. Masalio ni vitabu vipya kabisa ambavyo mchapishaji alichapa vingi kuliko alivyoweza kuuza, akavitoa kwa bei ya kutupa. Utavijua kwa alama ya wino, kistari au kitone, kwenye ukingo wa chini wa kurasa. Watu hudhani kitabu kina kasoro wakakirudisha. Hakina. Alama hiyo ipo ili mtu asikinunue kwa bei ya masalio kisha akakirudishe duka jingine kwa bei kamili.

Halafu teremka hadi Great Russell Street, mbele ya British Museum, namba 41. Hapo ni Arthur Probsthain, duka la tangu 1903 la vitabu vya Asia na Afrika. Kwa anayetafuta kamusi za zamani, sarufi za lugha zetu au historia ya pwani, hapa ndipo pa kuuliza kabla ya kwingine. Jirani, mtaa wa Bury Place, kuna London Review Bookshop, lililofunguliwa 2003. Ni dogo, la vitabu vipya, na waliochagua cha kuweka rafuni ni watu wanaosoma kweli. Lina kahawa na keki, kama miguu imeanza kulalamika.

Sasa tusimame hapa kidogo, maana kwenye vitabu vilivyotumika ndipo hela zinapopotelea. Bei huwa imeandikwa kwa penseli ukurasa wa kwanza mtupu, kona ya juu. Usiitazame kwanza. Geuza ukurasa wa jina la kitabu, utazame nyuma yake, palipo na hakimiliki. Hapo ndipo kitabu kinasema umri wake. Mfano mzuri ni zile kamusi za Kiswahili za Oxford zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1939. Zilichapwa tena na tena kwa miongo mingi, kwa hiyo mtu anaona 1939, moyo unadunda, anatoa noti. Ukishuka mistari michache chini utakuta orodha ya miaka ya kuchapwa tena, na mwaka wa mwisho kwenye orodha ndio wa nakala uliyoshika. Vitabu vya karibuni badala ya miaka huwa na safu ya tarakimu, kuanzia 10 hadi 1. Tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya uchapaji. Kama 1 ipo, ni uchapaji wa kwanza. Kama safu inaishia 4, ni wa nne. Na ukitaka kukisia haraka bila kusoma mengi, tazama ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu: zikiwa tarakimu kumi tu, nakala hiyo ilichapwa kabla ya 2007, mwaka ambao tarakimu 13 zilianza rasmi.

Baada ya hapo kagua mwili. Fungua katikati, taratibu, usikilize mgongo. Gundi iliyokauka inatoa mlio wa kukatika, na kitabu hicho kikifika kwenye joto na vumbi kurasa zitaanza kutoka moja moja. Nusa. Harufu ya karatasi kuukuu ni jambo la kawaida, lakini harufu ya chumba chenye unyevu ni kuvu, na kuvu huhamia kwenye vitabu vingine ndani ya sanduku. Hicho kiache hata kama ni pauni moja. Madoa madogo ya kahawia yaliyotapakaa kama madoadoa ya ndizi mbivu hayana madhara kwa msomaji, yanashusha bei tu. Mihuri ya maktaba nayo inashusha bei, na mimi nasema ni neema: kitabu kilichotolewa maktaba mara nyingi kimefungwa imara kuliko cha dukani. Kwenye vitabu vya jalada gumu, kama kona ya karatasi ya juu ya jalada imekatwa, ujue mtu aliondoa bei ya awali, mara nyingi kwa sababu kilikuwa zawadi.

Kuhusu kupatana bei. Kwenye vitabu vipya usijaribu, utamtia aibu kijana wa kaunta. Kwenye vitabu vilivyotumika unaweza, lakini si kwa kitabu kimoja cha pauni nne. Kusanya vitano au sita, viweke kaunta, uulize kwa adabu kama kuna lolote wanaloweza kufanya ukivichukua vyote. Uliza mara moja. Akisema hapana, ni hapana, hakuna ile ya kujifanya unaondoka ili akuite.

Mchana shuka Charing Cross Road. Zamani mtaa huu ulikuwa maduka ya vitabu mwanzo hadi mwisho. Kodi za pango zimeyapunguza sana, na anayekwambia bado uko vilevile hajapita muda mrefu. Lakini Any Amount of Books, namba 56, bado linastahili saa nzima: meza za bei rahisi nje, ngazi nyembamba ya kwenda chini, na rafu zinazobadilika kila siku. Ukiona pale kitabu unachokitaka, kichukue saa hiyo. Nakala ni moja, ukirudi jioni kimeondoka. Kando yake kidogo kuna kichochoro cha Cecil Court, kisichopita magari, chenye madirisha ya enzi ya Malkia Victoria na wauzaji wa vitabu adimu, ramani na picha za kuchapwa. Mozart alikaa humo na wazazi wake mwaka 1764, akiwa mtoto. Humo nenda kwa macho zaidi kuliko mfuko, na kabla hujagusa kitabu kilicho kabatini omba. Simu ya kurekodi video vilevile: omba kwanza.

Mkitaka kuokoa hela ya treni, kumbukeni kati ya stesheni ya Leicester Square na ya Covent Garden ni mita 260 hivi. Watu hulipa nauli kamili kwa umbali huo kila siku. Kwenye basi nauli ilikuwa pauni 1.75 mwaka 2025, na ndani ya saa moja tangu ugonge kadi ya benki mara ya kwanza unaweza kupanda mabasi mengine bila kukatwa tena. Sharti ni kugonga kadi ileile. Ukigonga kadi asubuhi kisha ukagonga simu, hata kama zote zinatoa hela akaunti moja, mfumo unakuhesabu watu wawili. Hela taslimu mabasi ya London hayapokei tangu 2014.

Jumapili asubuhi, wakati makubwa bado yamefungwa, nenda ukingo wa kusini wa mto Thames, chini ya daraja la Waterloo. Kuna soko la vitabu la wazi, meza ndefu, na daraja lenyewe ndilo paa. Uzuri wake ni riwaya za jalada laini, tamthilia na ramani kuukuu. Ubaya wake ni kwamba mpangilio ni wa kubahatisha, na upepo wa mto ni mkali hata majira ya joto. Beba hela kidogo za noti.

Inapokaribia saa sita, vuka mto uende Piccadilly. Hatchards, namba 187, lipo tangu 1797, na ndilo duka la vitabu kongwe London. Ukitoka hapo, upande uleule wa barabara, pita kanisa la St James's, utafika Waterstones, namba 203, kwenye jengo la mwaka 1936 lililokuwa duka la nguo. Hilo ni kubwa kuliko maduka yote ya vitabu Ulaya. Kosa la wageni ni kuanzia mlangoni na kupanda ghorofa moja moja. Utachoka kabla hujafika unakokutaka. Soma ubao wa ghorofa kwanza, chukua lifti mpaka juu kabisa, kisha shuka kwa ngazi.

Foyles, 107 Charing Cross Road, unaweza kulimalizia Jumamosi jioni, maana siku hiyo halifungi mapema. Lilianzishwa 1903 na ndugu wawili. Enzi fulani ulipanga foleni mara tatu kununua kitabu kimoja: kuandikiwa hati, kulipa, kisha kuchukua kitabu. Yameisha hayo. Lipo kwenye jengo hili tangu 2014, na idara yake ya lugha za kigeni ni nzito kwa sababu mwaka 2011 duka la Grant & Cutler lilihamia ndani yake. Kwa Kiswahili tarajia zaidi kamusi na vitabu vya kujifunzia.

La mwisho ni Daunt, 83 Marylebone High Street. Hili limejipanga kwa nchi, si kwa aina ya kitabu. Riwaya, historia, mapishi na mwongozo wa safari wa nchi moja vinakaa pamoja. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, kwingine unamtafuta kwenye riwaya, herufi G. Hapa anza na rafu za Afrika Mashariki, na pembeni utakutana na majina ambayo kwenye mpangilio wa alfabeti usingeyaona kamwe. Kwa maoni yangu, kama una saa moja tu London, itumie hapa.

Bei: kitabu kipya cha jalada laini ni kama pauni 10 hadi 13, na iliyoandikwa nyuma haiongezwi kitu kaunta. Tena vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa asilimia sifuri. Kwa hiyo msiulizie marejesho ya kodi uwanja wa ndege, hakuna cha kurejeshwa. Lakini bei si lazima ifanane kila duka. Makubaliano ya wachapishaji ya kupanga bei moja yalivunjika mwaka 1995, kwa hiyo kitabu kilekile kinaweza kuwa na punguzo mtaa wa pili. Tunzeni risiti. Sheria hailazimishi duka kukurudishia hela kwa sababu tu umebadili mawazo.

Na mizigo. Kitabu cha jalada laini cha kurasa 300 kina gramu kama 250, kwa hiyo ishirini ni kilo tano. Cha jalada gumu ni mara mbili yake, na kimoja cha picha kinaweza kufika kilo mbili peke yake. Vipangeni upande wa magurudumu ya sanduku, vimelala, migongo ikipishana kushoto na kulia ili rundo lisiiname, kila rundo ndani ya mfuko wa plastiki, nguo zikiziba mapengo. Mfuko wa mkononi ukiwa na vitabu vingi, vitoeni viwe juu mnapofika ukaguzi. Rundo la karatasi huonekana kama kitu kizima kwenye mashine, na begi litavutwa pembeni lifunguliwe wakati geti la ndege linakaribia kufungwa.