Mti wa Miiba Usioguswa Ayalandi

Ndugu wasikilizaji, mti wenyewe Waayalandi huuita sceach, na wanasayansi Crataegus monogyna. Ni mfupi, una miiba, huchanua meupe mwezi Mei. Wengi hudhani mkulima wa Ayalandi huuogopa popote aukutapo. Sivyo. Wigo wa shamba lake umepandwa mti huohuo, na kila majira ya baridi huupogoa bila wasiwasi.

Unaoachwa ni ule ulioota wenyewe, ukasimama peke yake. Ndege hula tunda, huangusha mbegu, nayo huweza kukaa ardhini miezi 18 kabla ya kuchipua. Mche ukinusurika kwato na meno ya ng'ombe katikati ya malisho, husemwa una wenyewe: "watu wema", viumbe wa chini ya ardhi, wanaotajwa kwa adabu kwa sababu huaminiwa wanasikia.

Heshima huzidi mti ukiota juu ya lios, boma la kale la mviringo lenye tuta la udongo, au penye cillín, walikozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa kwa kuwa Kanisa liliwanyima makaburi yake. Hapo, kwa maoni yangu, kinachozuia shoka si hofu tu. Ni majonzi ya wazazi.

Trekta hulima kwa kuuzunguka. Tawi halikatwi, na maua hayaingizwi ndani, maana yataleta kifo. Katazo hili lina mzizi puani: maua hayo hutoa trimethilamini, kemikali inayotoka pia katika nyama inayooza, na watu waliolaza maiti nyumbani waliijua harufu ile.

Mwaka 1999, huko Latoon, katika kaunti ya Clare, msimulizi Eddie Lenihan alipinga barabara kuu kupita juu ya mti mmoja wa aina hiyo. Ramani ikarekebishwa, mti ukabaki. Agosti 2002 mtu akaukata matawi kwa msumeno wa mashine, ukachipua tena.

Penye visima vitakatifu, mgonjwa hugusisha kitambaa mahali panapouma, kisha hukifunga kwenye tawi la mti huu ulioota hapo. Kikioza, huaminiwa maradhi nayo huisha. Siku hizi watu hufunga nailoni: haiozi, na tawi linaponenepa hukabwa. Anayekwenda huko achukue pamba au kitani, kipande chembamba, na asikaze fundo.