Debre Damo: kanisa lililo juu ya kamba

Mabibi na mabwana, hamjambo. Tuanzie chini ya jabali, maana hapo ndipo kila mgeni wa Debre Damo, monasteri ya kale, anapokwama. Mlima wenyewe uko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Kileleni ni tambarare kama meza, na kingo zake ni genge tupu pande zote. Mlima wa namna hiyo Waethiopia huuita amba. Njia ya kupandia ni kamba ya ngozi iliyosukwa, mita 15 hivi. Kamba ya pili hufungwa kiunoni mwa mgeni, na mtawa aliye juu huivuta taratibu. Kosa la wengi ni kulikumbatia jabali. Ukilikumbatia, nyayo zinateleza. Egemea nyuma kidogo, mikono inyooke, nyayo zitashika vishimo vilivyolika kwa kukanyagwa karne nyingi. Wanawake hawapandi, na hata mnyama jike hapelekwi.

Kwa mapokeo ya Kanisa la Kiorthodoksi, Abuna Aregawi, mmoja wa Watakatifu Tisa, watawa waliokuja kueneza Ukristo Ethiopia, alipandishwa na joka katika karne ya 6. Mfalme Gebre Meskel akamjengea kanisa kwa kutengeneza njia ya mteremko, na kazi ilipokwisha njia ikabomolewa. Joka ni suala la imani. Hiyo njia ni suala la mafundi, na si hadithi ya kuidharau ukiziona boriti zilizotumika kule juu.

Hebu tuutazame ukuta wa kanisa, ambao ndio hasa tulioujia leo. Ni mawe madogo na udongo, hakuna chokaa. Kila baada ya safu kadhaa za mawe fundi alilaza boriti mbili, moja uso wa nje, moja uso wa ndani. Juu yake akapitisha vipande vya mti vya mviringo vinavyokatiza unene wote wa ukuta, vimechongwa pengo kwa chini ili viziume boriti zote mbili. Ncha zake hutokeza nje, nazo huitwa vichwa vya nyani. Mgeni hudhani ni mapambo; kumbe ndizo zinazozuia nyuso mbili za ukuta zisiachane. Sisi wa Pwani boriti za mikoko tunazilaza darini. Huku zimo ndani ya ukuta wenyewe.

Adui yake ni maji. Mvua ikipenya, mti huoza, mshiko unalegea, uso wa nje unajitenga na ukuta unafanya tumbo. Mwaka 1948 ukarabati mkubwa uliongozwa na msanifu Mwingereza, Derek Matthews.

Ujenzi wa namna hii umeigwa hata katika jiwe. Mnara wa Aksum, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Ethiopia, ule uliopelekwa Roma mwaka 1937 na kurudishwa 2005, una urefu wa mita 24 hivi. Umechongwa mistari ya boriti, madirisha na vichwa vya nyani, vyote vya jiwe na havibebi chochote. Kule Lalibela, mji wa makanisa ya mwamba kaskazini mwa Ethiopia, kanisa la Bete Emanuel limechongwa mwambani likiiga matabaka hayohayo ya mbao na mawe. Majumba ya kifalme ya Aksum yamebaki misingi, kwa hiyo anayetaka kujua mawe yale yanaiga nini hana budi kuishika kamba.

Ndani, dari la ukumbi wa kuingilia lina vibao vilivyochongwa wanyama: simba, tembo, swala. Mwaka 1940 mtafiti Mwitaliano Antonio Mordini alipata habari za sarafu za dhahabu zaidi ya 100 zilizofukuliwa hapo, za wafalme wa Kushana, kutoka upande wa India. Bandari ya Adulis, ya ufalme wa Aksum kwenye Bahari ya Shamu, ilikuwa ikifanya biashara na nchi hizo, ingawa namna sarafu zilivyofika kileleni ni fumbo. Mfalme Lebna Dengel, akikimbia majeshi ya Ahmad Gragn, kiongozi wa vita wa Usultani wa Adal, alifia hapa mwaka 1540.

Vita vilivyoanza Tigray Novemba 2020 navyo viliufikia mlima. Mapema 2021 zilitoka taarifa za mashambulizi na za makazi ya watawa kuharibiwa. Matengenezo yoyote yanahitaji mbao ndefu, tena nyingi, na ile njia ya mteremko haipo tena.