Kupunguza kwato za farasi: tupa ikifanya kazi ya jangwa

Karibuni tena, watazamaji wangu. Huyu nyuma yangu ni Asali, farasi jike wa miaka 11, tunaishi naye hapa Ngong. Ana miaka mitatu hajavaa viatu vya chuma. Leo zimetimia wiki tano tangu nimpunguze kwato, kwa hiyo tutaifanya kazi nzima mbele ya kamera, kuanzia kutazama anavyotembea hadi kumrudisha malishoni. Wenye punda msiondoke, nitakuwa nawataja njiani.

Kabla sijashika tupa, hiki chuma chenye meno cha kusagia kwato, nawaomba dakika mbili za maelezo, maana bila haya mtaiga mikono yangu bila kujua kwa nini inafanya hivyo.

Kule Nevada, Marekani, na katikati ya jangwa la Australia, kuna farasi wanaoishi porini bila fundi wa kwato. Wazee wao walikuwa wa kufugwa, wakatoroka au wakaachiliwa, wakazaliana. Ukishika kwato ya farasi wa nchi kavu yenye mawe utaona mbele ni fupi, ukingo umeviringika kama mdomo wa kikombe, wayo ni mnene, na ule mto wa katikati wenye umbo la pembetatu ni mpana na mgumu kama mpira wa gurudumu. Siri yake ni mwendo. Watafiti wa Australia waliwafunga baadhi yao vifaa vya GPS shingoni, wakakuta wanatembea wastani wa karibu kilomita 16 kwa siku kati ya majani na maji. Farasi waliofungiwa kwenye uwanja wa mita 6 kwa 6 walitembea kilomita moja na ushei tu. Kwato ni ileile, inaota karibu sentimita moja kila mwezi. Mmoja anaisaga kwa mawe kila siku, mwingine hana pa kuisagia.

Na msidanganyike kwamba kila kwato ya porini ni nzuri. Watafiti haohao walikuta farasi wa ardhi laini wana kwato ndefu, zilizotanuka na kupasuka kingo, na hata wale wa ardhi ngumu wengine walikuwa na dalili za uvimbe wa zamani ndani ya kwato. Ardhi ndiyo inayochonga. Kwa hiyo leo sichongi umbo nililoliona kwenye picha. Ninaondoa kile ambacho mawe yangekiondoa kama Asali angetembea kilomita zake, basi.

Twende kazini. Kwanza mtembezeni kwenye sakafu ngumu, mwenzako ashike kamba, wewe uchuchumae pembeni, mbali na mateke. Tazama kwato inavyotua. Inatakiwa kisigino kiguse chini kwanza, au kwato nzima itue bapa. Ikitangulia ncha ya mbele, kuna kitu kinamuuma sehemu ya nyuma ya kwato, mara nyingi ni ule mto umeoza. Ukiona amesimama akiegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, kwato zina joto na mshipa wa nyuma ya kifundo unapiga kwa nguvu, weka vifaa chini umpigie daktari wa mifugo leo hiihii. Hiyo si kazi ya tupa.

Sasa tunainua mguu. Simama ubavuni pa bega ukitazama mkia, telezesha mkono kutoka begani hadi nyuma ya mguu, bana taratibu, mwambie "mguu". Asali ameuinua mwenyewe, mmeona. Ubane kati ya mapaja yako juu kidogo ya magoti, na usiuvute nje, utamuumiza kiungo. Farasi mzee usimnyanyue juu sana, na umpumzishe mara kwa mara.

Tunasafisha kwa ndoano ya chuma, tukivuta kutoka kisigino kwenda ncha. Pitisha kwenye mifereji miwili ya pembeni mwa mto, kisha brashi. Nusa. Msione haya, inameni mnuse. Kwato yenye afya inanuka udongo. Mto uliooza unanuka kama jibini iliyoharibika, na ndoano inatoka na utando mweusi. Ukikuta hivyo, kausha banda, safisha kila siku, na umuulize daktari dawa ya kupaka. Majira ya mvua za masika ndiyo tunayasumbukia sana hapa kwetu. Wenye punda, kwenu ni zaidi: kwato ya punda inanyonya maji haraka kwa sababu asili yake ni nchi kavu. Punda aliyefungwa kwenye tope wiki nzima ataoza kwato hata kama unamsafisha asubuhi na jioni.

Hapa ndipo nataka kamera isogee kabisa. Sogea. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanairuka, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Kwenye ukingo kuna ukuta mgumu wa nje. Ndani yake kuna mstari mwembamba wa rangi ya siagi, unaozunguka kwato kama mshono wa soli ya kiatu. Mstari ule ukiwa mwembamba na umebana, ukuta umeshikamana vizuri na mwili. Ukiwa umepanuka, una mashimo na vumbi limeingia, ukuta umeanza kuachana, na sababu inaweza kuwa ncha ndefu, inaweza pia kuwa chakula chenye sukari nyingi. Ndani ya mstari ndiyo wayo. Nikikwaruza kwa kisu, tazama, unga mkavu mweupe unatoka wenyewe, unabanduka kama magamba ya chokaa ukutani. Huo umekufa, uache utoke. Chini yake pameng'aa kidogo kama nta. Hapo kisu kinasimama. Hapo ndipo kiwango chenu cha kila kitu.

Angalia na kina cha mifereji karibu na ncha ya mto. Ikiwa na kina kirefu, wayo ni mnene. Ikiwa imelala karibu sawa na wayo, wayo ni mwembamba, usiuguse hata kidogo.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye banda moja, nilikata wayo nikitaka utokee umbo la bakuli kama nililoliona kwenye picha za farasi wa jangwani. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea. Farasi yule alichechemea siku tisa. Bakuli la farasi wa jangwani halijakatwa na kisu. Wayo wake umekuwa mnene kwa kukanyaga mawe, na mfupa umekaa juu ndani ya kwato. Mimi niliuondoa unene uleule niliokuwa nautamani. Tangu siku hiyo wayo hai siukati.

Tuendelee. Koleo ya kukatia sasa. Unaanzia kisigino, unakata ukuta peke yake, na unabakiza milimita mbili hivi juu ya usawa wa wayo. Ukiwa mgeni wa kazi hii, acha koleo kabisa, tumia tupa. Utachelewa, lakini tupa haiondoi sehemu kubwa kwa mara moja. Visigino vyote viwili viwe sawa: weka tupa juu yake bapa, inama utazame kama fundi anavyotazama ubao. Punda kisigino chake ni kirefu zaidi na kwato yake imesimama wima. Msimlaze afanane na farasi.

Mto katikati uacheni. Ondoa vipande vinavyoning'inia tu na vilivyoziba mfereji. Watu wengi wanauchonga uonekane msafi kwenye picha, na farasi anaondoka akitembelea ncha.

Sasa ile mviringo ya ukingo. Vuta mguu mbele, uweke juu ya kigoda au juu ya goti lako. Tupa iegemee nusu ya pembe mraba, uzungushe ukingo wote wa nje, kwanza kwa upande wenye meno makubwa, kisha upande laini. Nasikiliza sauti: mwanzoni inakwaruza kwa kukatika, ukuta ukishakuwa laini inatoka sauti moja ndefu. Pitisha kidole. Kisikwame popote. Ukingo mkali ndio unaopasuka na kumeguka farasi akikanyaga jiwe. Ukingo huu jiwe linateleza. Na kwa kuwa ncha imerudi nyuma, anaunyanyua mguu upesi, hauvuti ule mstari wa siagi kila hatua.

Miguu mitatu iliyobaki ni hivyohivyo, tutaipitisha haraka kwenye video.

Mnaowavua farasi viatu kwa mara ya kwanza, msitegemee mwendo huu wiki ijayo. Ukuta mpya unaanza pale nywele zinapoishia na unafika ncha baada ya karibu mwaka mzima. Miezi ya mwanzo muwatembeze kwenye udongo na majani, na mwenye kuumia avishwe viatu vya mpira vya kuvaa na kuvua. Wapo farasi ambao kazi yao au ugonjwa wao unahitaji chuma, na siwalaumu wenyewe. Chakula nacho kipunguzeni sukari: majani makavu ya kutosha, nafaka kidogo.

Njooni huku nje niwaonyeshe kitu cha mwisho. Pale kwenye birika la maji nimemwaga changarawe za mviringo, toroli kumi na mbili, kina cha kiganja. Xenophon, jemadari wa Ugiriki ya kale, aliwashauri wafuga farasi wa wakati wake wamwage mawe ya mviringo ya ukubwa wa ngumi pale farasi wanaposimama, ili kwato zikomae, na Wagiriki wale hawakuwapigilia farasi viatu. Maji nimeyaweka upande huu, majani makavu upande ule wa mbali. Kila akiona kiu anavuka changarawe, akishiba anavuka tena.

Namwachia. Shusha kamera chini kabisa, usawa wa kwato. Kisigino, ncha. Kisigino, ncha. Mguu wa nyuma wa kushoto unatua bapa, nao nitautazama tena Jumamosi. Tarehe ya kumpunguza nimeiandika kwa chaki mlangoni, wiki tano kutoka leo, na picha nne za leo, moja kwa kila kwato, nitaziweka pembeni mwa zile za safari iliyopita.