Mlango wa Mbele: Kumkumbuka Mwanafizikia Chien-Shiung Wu

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Wanafunzi, hamjambo?

Mlionisikia Lindi, na mlionisikia hapahapa Mtwara, mnajua nitakalosema. Nitalisema tena, kwa sababu kila mwaka nikiingia darasa la fizikia la kidato cha tatu, wasichana nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nimechoka kuhesabu.

Mwanafizikia ninayemkumbuka leo, Chien-Shiung Wu, alizaliwa mwaka 1912 Liuhe, mji mdogo wa China karibu na mto Yangtze unapoingia baharini. Baba yake alifungua shule ya wasichana wakati wengi hawakuona faida ya kumpeleka binti shule, na binti yake akaanzia humo. Mwaka 1936 akapanda meli kwenda Marekani, nia yake ikiwa Chuo Kikuu cha Michigan. Aliposhuka California akapata habari: huko Michigan kulikuwa na jengo la wanafunzi ambalo mwanamke hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Basi, Michigan hakwenda. Akabaki hukohuko California, katika chuo kikuu cha Berkeley, na hapo ndipo alipopata udaktari wake mwaka 1940.

Tukae hapa kidogo. Watu wa Mikindani, nani wa kuwafundisha habari za milango? Mlango wa mbele una nakshi, wanaume wako barazani, kina mama wanapita uani. Najua yupo mzee atakayenyoosha mkono aniambie uani nako kuna heshima yake. Ipo, mzee wangu. Mimi nimelelewa uani. Ninaousema ni mlango wa maabara.

Nilipoanza ualimu, katika shule ambayo sitaitaja, siku ya vitendo wavulana walibembeza pendulamu na kushika saa. Wasichana waliandika namba walizotajiwa, kisha wakaosha vyombo. Nilinyamaza muhula mzima, na mpaka leo linanisumbua. Msichana yumo ndani, jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio, lakini uzi wa pendulamu hajawahi kuugusa. Mtihani ukija anashindwa, nasi tunasema fizikia si ya wasichana. Angeachaje kushindwa?

Sasa tazameni mezani. Hii ni pia ya kuchezea, amenichongea mjukuu wangu kwa mti wa mkorosho. Hiki ni kioo. Naizungusha... mnaona? Pia inazunguka kulia, ya kwenye kioo inazunguka kushoto. Miaka mingi wanafizikia waliamini kwamba maumbile hayabagui kati ya hizi mbili: lolote linalotokea huku, la kwenye kioo nalo laweza kutokea vilevile. Mwaka 1956 Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, nao wahamiaji kutoka China, wakauliza: kwenye nguvu dhaifu, ile inayofanya baadhi ya viini vya atomi vigeuke na kutoa elektroni, chembe ndogo za umeme, nani amewahi kulipima hilo? Hakuna aliyekuwa amelipima.

Wu alikuwa na tikiti ya meli mkononi, yeye na mumewe, arudi kuiona Asia baada ya miaka 20. Akamwacha mumewe aende peke yake, yeye akabaki alipime.

Alichukua kobalti 60, metali yenye mionzi ambayo viini vyake hutoa elektroni hizo. Viini vyake vinazunguka kama pia hii, ila kila kimoja kimeelekea kwake, kama watu sokoni. Ili vielekee upande mmoja unahitaji sumaku, na baridi karibu na ile ambayo hakuna baridi kuipita, kama nyuzijoto 273 chini ya sifuri. Kazi hiyo aliifanya na mafundi wa baridi katika maabara ya serikali huko Washington. Kobalti ilizungushiwa fuwele, na fuwele zikagandishwa kwa gundi. Baridi ilipokolea, gundi ikaachia. Mwishowe walizifunga kwa uzi mwembamba wa nailoni.

Uzi wa nailoni! Ule ule ambao wavuvi wetu wa Shangani wanashonea nyavu. Najua mtasema: mwalimu, yeye alikuwa na maabara ya serikali ya Marekani, sisi tuna nini? Kweli. Lakini pendulamu inataka uzi, jiwe na saa ya simu. Vyote vipo. Anayenyimwa ni nani?

Haya, matokeo. Kunjeni vidole vya mkono wa kulia vifuate mzunguko wa pia. Dole gumba limeelekea wapi? Elektroni nyingi zilitoka upande wa pili, kinyume chake. Sumaku ikigeuzwa, nazo zinageuka. Kwenye kioo zingeonekana zikifuata dole gumba, na ulimwengu wa namna hiyo haupo. Maumbile yanabagua! Mkesha wa Krismasi 1956, theluji imefunga uwanja wa ndege, Wu akapanda treni ya mwisho kwenda New York kupeleka habari.

Mwaka 1957 Tuzo ya Nobel wakapewa Lee na Yang. Waliuliza swali, walistahili. Aliyelijibu kwa mikono yake hakupewa, na sitaacha kulisema.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi Mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomi, nauacha, ingawa naye alifanya kazi humo. Mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Fizikia cha Marekani. Mwaka 1978 akapata Tuzo ya Wolf ya fizikia. Wazazi wake hakuwaona tena. Vita vilifunga njia, kisha siasa, na alipokanyaga China mwaka 1973 wote wawili walikuwa wameshakufa. Yeye alifariki New York mwaka 1997. Majivu yake yakarudishwa Liuhe, yakazikwa uani mwa ile shule ya baba yake.

Maswali tutayachukua, wazee wangu, subirini kidogo. Ninyi wasichana mliokaa mstari wa mwisho, njooni mbele kwanza. Pia ndiyo hii. Wewe mwanangu, shika kioo.