Nati ya Flaiwili Ikigoma, Tafuta Kamba

MPWA: Karibuni tena kipindini. Tupo Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na mbalamwezi imeshakolea. Mitumbwi ya dagaa imepumzika, mashine zake zimejaa kwa mjomba, fundi wetu. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Ndiyo hivyo, dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, basi wenye mitumbwi wanatumia siku hizi kutengeneza. Leo asubuhi nimeletewa mashine ya hosipawa 15, ya silinda mbili. Haitoi cheche.

MPWA: Ukataka kufungua flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini.

MJOMBA: Lazima, koili zinazotoa umeme wa cheche zimekaa chini yake. Lakini ile nati ya katikati ilikazwa kwa nguvu, halafu imekaa miaka kwenye unyevu. Ukiitia spana, injini yote inazunguka nayo. Kipo kifaa cha kuishikia flaiwili, ila aliye Kayenze au kule Ukerewe atakipata wapi? Ndipo unaona bisibisi imechomekwa kwenye meno ya flaiwili. Jino likimeguka, hapo umejiongezea gharama.

MPWA: Basi mimi niko Kayenze. Nina spana ya plagi, soketi ya nati hiyo na bomba. Basi.

MJOMBA: Na kamba. Mvuvi hakosi kamba. Tundu la plagi ni milimita 14, kwa hiyo chukua kamba laini ya milimita 6 hivi, choma ncha isifumuke. Ondoa mpira wa petroli, weka gia huru, toa plagi zote mbili. Sasa ziba tundu moja kwa kidole, uzungushe flaiwili polepole kinyume cha saa. Mwanzoni kidole hakisikii kitu. Ghafla upepo unakisukuma. Hapo pistoni imeshapita tundu la moshi, inapanda. Simama hapo hapo, lisha kamba kwenye tundu la plagi mpaka ikatae, acha shibiri mbili nje. Ukiendelea kuzungusha, pistoni itaibana kamba na injini haitazunguka na nati.

MPWA: Kwa nini kinyume cha saa?

MJOMBA: Kwa sababu nati inafunguka upande huo. Ukiipandisha pistoni kwa upande mwingine, ukianza kufungua itashuka badala ya kubana kamba. Mimi iliwahi kunitokea Ukerewe, nilikuwa na haraka, sikusubiri ule upepo. Kamba ikaingia kwenye tundu la moshi, ukingo wa pistoni ukaikata. Nilipoivuta ilitoka na nyuzi kama ndevu, na kipande kikabaki ndani. Ikabidi nivue kichwa cha silinda ufukweni, mchana kutwa, mwenye mtumbwi amekaa pembeni ananitazama.

MPWA: Pole mjomba.

MJOMBA: Nimeshapoa. Halafu huko kinyume cha saa ni nyuma kwa injini, usizungushe ovyo, nusu mzunguko unatosha. Kule chini pampu ya maji ina mapanga ya mpira yaliyozoea kulala upande mmoja.

MPWA: Sawa, pistoni imebana. Sasa nguvu.

MJOMBA: Bado! Jana yake uwe umesugua nati kwa brashi ya waya, umedondoshea mafuta ya kulainisha kutu. Ukiyakosa, dizeli iliyochanganywa na oili ya gia za otomatiki inapenya vizuri. Iache ilale. Soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe 12 ndiyo inayomaliza kona za nati. Kwanza kaza kidogo sana, usikie kutu ikivunjika. Kisha fungua. Spana ya sentimita 20 ukiichomeka kwenye bomba ukapata 60, nguvu yako inakuwa mara tatu. Ikigoma, piga mwisho wa spana kwa nyundo, mapigo mafupi makavu. Yanasaidia kuliko kuning'inia.

MPWA: Wengine wanatia moto.

MJOMBA: Hapa hapana! Chini kuna sumaku, koili na sili ya mpira, joto litaviharibu vyote, mbali na hatari ya petroli. Moto ni wa bolti ya chuma iliyoganda ndani ya aluminiamu, maana aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, tundu linaachia.

MPWA: Nati ikishalegea, flaiwili inatoka?

MJOMBA: Haitoki, imeng'ang'ania kwenye koni ya shafti. Irudishe nati mpaka ilingane na ncha ya shafti, ilinde nyuzi za shafti, ile mikato ya kufungia nati. Usipige shafti kwa nyundo ukitegemea bahati, unaumiza beringi za chini. Flaiwili ina matundu matatu yenye nyuzi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutobolee bamba nene matundu hayo matatu, na katikati akuchomelee nati ya bolti kubwa. Funga bamba, kaza bolti ya katikati, igonge kichwani mara moja. Utasikia "ta!" Usivute kwa ukingo wa flaiwili, unaupinda.

MPWA: Na hii ya leo?

MJOMBA: Waya wa koili ulikuwa umekatika kwenye mzizi, una kutu ya kijani. Nimeulehemu. Nikafuta koni ikauka kabisa, bila grisi, nikaweka ufunguo wake, kile kipande kidogo cha chuma kinachoipanga flaiwili kwenye shafti, nikakaza. Kamba nimeshaitoa, ile pale inakauka ukingoni mwa mtumbwi. Jioni mwenyewe anakuja, tunaijaribu majini.