Anzeni na Paa: Kuchagua Mfumo wa Kuhimili Nguvu za Mlalo katika Maduka Makubwa

Walimu wangu, shikamooni. Nanyi wanafunzi, karibuni.

Mkikabidhiwa duka kubwa la ghorofa moja, tuseme mita 100 kwa 120, mtataka kujua kwanza litahimili kwa nini nguvu za mlalo, yaani zinazolisukuma kwa upande: kuta za zege, fremu za chuma, au vyuma vya mshazari? Mimi nawaomba muanze na paa. Tetemeko likilitikisa jengo, paa ndilo linalokusanya nguvu na kuzifikisha kwenye kuta. Paa na ukuta vikiachana, hesabu zote za ukuta zimekwenda bure.

California walilipia somo hili. Maduka na maghala mengi kule yana kuta zinazomwagwa zege zikiwa zimelala sakafuni, kisha huinuliwa kwa kreni. Kipande kimoja chenye unene wa sentimita 18, kimo cha mita 9 na upana wa mita 7 kina uzito wa tani 27 hivi. Zamani kilishikwaje? Ubao mnene ulifungwa ukutani kwa boliti, na plaiwudi ya paa ikapigiliwa misumari juu ya ubao huo. Sasa tazameni ukuta unapovutwa nje: boliti zimeshika katikati ya ubao, misumari inavuta ukingo wake wa juu, na ubao unapasuka kufuata nyuzi zake. Ukuta unalala nje, na paa linashuka.

Ndivyo ilivyokuwa katika tetemeko la San Fernando, hukohuko California, tarehe 9 Februari 1971. Kanuni zikabadilishwa, zikadai nanga za chuma kutoka ukutani moja kwa moja hadi kwenye mihimili ya paa. Majengo ya zamani yakaachwa yalivyo. Tarehe 17 Januari 1994 likaja tetemeko la Northridge, ukubwa wa 6.7, kuta nyingi zikaachana na mapaa, na hata nanga mpya nyingine zikashindwa. Lilipiga saa 10:31 alfajiri, maduka yamefungwa. Lingepiga saa 10 jioni! Nikiwaza hilo moyo huniuma. Mwaka huohuo jiji la Los Angeles liliwalazimisha wenye majengo ya aina hii yaliyojengwa kabla ya 1976 kuyaimarisha.

Nanga mpya zilishindwa kwa sababu paa jepesi hupinda, na katikati yake hutikisika kuliko kwenye kona. Nanga za katikati ndizo zinazoteseka.

Sasa upande wa mbele, ambako msanifu anataka kioo kitupu. Paa linalopinda hugawa nguvu kwa eneo la paa lililo karibu na kila upande, kwa hiyo upande wa mbele utadaiwa karibu nusu ya mzigo hata kama ukuta wa nyuma ni imara kiasi gani. Vyuma vya mshazari ni rahisi na haviyumbi sana, lakini huziba mlango. Fremu yenye viungo vikakamavu huacha nafasi wazi, ila huyumba zaidi, na kioo lazima kiachiwe nafasi ya kucheza. Isitoshe, Northridge ilipasua viungo vingi vilivyochomelewa vya fremu za aina hiyo. Mimi huchagua mshazari kila ninapoweza.

Kwa hiyo katika kikao cha kwanza, kabla mchoro wa mbele haujampendeza mteja, mwombeni msanifu nafasi mbili za mshazari, moja kila upande wa lango.